Sauti ya Bibi na Mtambo Ulioigwa kwa Hesabu

Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi wa Kidato cha Sita tuandike, kila mmoja wetu, juu ya jambo alijualo kwa kulitenda na si kwa kulisikia tu. Nasikia wenzangu wameandika juu ya ufugaji wa kuku, juu ya mpira wa miguu, na juu ya safari ya Kilimanjaro. Mimi nimechagua jambo ambalo yamkini wengi hawajapata kulisikia, nalo ni mitambo ya zamani ya kubana sauti, na jinsi watu wa zama hizi walivyoiiga kwa hesabu ndani ya kompyuta. Najua wapo watakaouliza, "Hilo latuhusu nini sisi?" Nawaomba wavumilie kidogo. Nitajaribu kuonyesha kwamba latuhusu, tena kwangu mimi limeingia mpaka ndani ya nyumba yetu.

Kwanza yafaa niueleze mtambo wenyewe. Mafundi wa sauti huuita kompresa. Siyo ile kompresa ya gereji ijazayo upepo katika magurudumu, ingawa jina ni moja na kazi zao zina undugu. Ile hubana hewa. Hii hubana tofauti iliyopo baina ya sauti kubwa na sauti ndogo. Binadamu hasemi kwa kipimo kimoja. Huanza kwa upole, hupaza akikasirika, hucheka kwa kishindo, na pengine hunong'ona. Masikio yetu yamezoea mabadiliko hayo, lakini mitambo haina subira kama ya masikio. Zamani za santuri, sauti ikizidi, mfuo uliochongwa katika sahani ulipanuka mno hata sindano ikaruka. Katika redio, sauti ikizidi, mtambo wa kurushia matangazo ulilemewa na maneno yakakwaruza. Nayo ikipungua, ilimezwa na mivumo ya angani.

Kwa sababu hiyo palikuwa na fundi aliyeketi karibu na mtangazaji, mkono wake ukiwa juu ya kitufe cha kuzungusha. Mtangazaji akipaza, fundi alipunguza. Akishuka, fundi aliongeza. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, lakini ilikuwa na kasoro moja isiyoondoka: mkono huja baada ya sikio. Hata fundi hodari hawezi kupunguza kicheko kabla hajakisikia, na akishakisikia kimekwisha kupita. Basi katika miaka ya 1930 wahandisi walianza kutengeneza mitambo ifanyayo kazi hiyo yenyewe. Mmoja wa mitambo hiyo, 110A wa kampuni ya Western Electric ya Marekani, ulitoka mwaka 1937 kwa ajili ya vituo vya redio. Tangu mwanzo, basi, kompresa ni mashine iliyoiga mkono wa mtu. Naomba msomaji alikumbuke neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Sasa nieleze lililonileta katika mambo haya. Bibi yangu mzaa baba aliishi kijijini karibu na Muheza. Baba yake aliletwa Tanga na kazi ya mkonge, mmoja wa wale wafanyakazi wa mkataba walioitwa manamba, na Bibi alizaliwa na kukulia katika kambi za mashamba hayo. Likizo ya Desemba 2023 nilimwomba anisimulie habari za utoto wake, nami nizinase kwa simu. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyopenda kuniita, kama ilivyo desturi ya mabibi na wajukuu wao wa kiume, "habari zangu ni ndefu, hiyo simu yako itashiba." Alisema kwa muda wa dakika 41, na mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati. Mwaka 2024 Bibi akafariki dunia. Hatuna sauti yake nyingine ila hiyo.

Bibi alikuwa msimulizi wa namna yake. Alipowaiga wanyapara wa mkonge alipaza sauti hata kuku wakatoka mlangoni. Alipocheka, alicheka kwa kifua chote. Lakini alipofika katika habari za msiba aliishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono. Mahali pamoja, baada ya nusu saa, alimtaja mtoto wake wa kwanza, msichana, aliyekufa kabla baba yangu na shangazi yangu hawajazaliwa, akazikwa huko huko kambini. Jina lake alilitaja mara moja tu, tena kwa kunong'ona, na mvua ikalifunika. Nilipoona uso wake sikuthubutu kumwomba arudie. Shangazi, aliye mkubwa wa watoto walio hai, alipata kusikia tangu zamani kwamba alikuwa na dada, lakini jina hakuambiwa. Nasi nyumbani kwetu tuna desturi: dua ikisomwa, marehemu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja kwa majina yao. Huyo alikuwa hatajwi, kwa kuwa hapakuwa na wa kumtaja.

Hapo ndipo nilipoanza kazi. Klabu yetu ya muziki ina kompyuta moja ambayo hutumika kunasa kwaya ya shule, nayo ina Audacity, programu ya kunasa na kuhariri sauti inayotolewa bure. Mwalimu wetu wa Fizikia aliniruhusu kuitumia jioni baada ya maandalio. Mtu atafikiri kwamba dawa ya sauti ndogo ni kuiongeza, na mambo yakaisha. Sivyo. Ndani ya kompyuta sauti ni mfuatano wa namba, na namba hizo zina dari. Nilipopandisha rekodi yote mpaka mnong'ono usikike, kicheko na makelele ya wanyapara yaligonga dari, vilele vya mawimbi vikakatwa, na Bibi akasikika kama anayesemea ndani ya debe.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Kwa nini usiikate ile sehemu ndogo ya jina peke yake, ukaiongeza?" Swali lake ni zuri, na kwa neno moja laweza kutosha. Lakini katika dakika 41 Bibi alipanda na kushuka mamia ya mara, pengine ndani ya sentensi moja. Kuongeza na kupunguza kila neno kwa mkono ni kurudi kwenye kazi ya yule fundi wa redio. Tena neno lililokatwa na kupandishwa peke yake husikika kama kiraka katika nguo. Sikio hukitambua mara moja.

Basi nitoe hesabu yake, kwa faida ya wale wa mchepuo wa sayansi. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Katika rekodi yangu mnong'ono ulikuwa chini ya maneno ya kawaida kwa desibeli 24 hivi. Kompresa hupewa kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo mtambo huanza kazi, na hupewa uwiano. Uwiano ukiwa 3 kwa 1, sauti iliyokivuka kizingiti kwa desibeli 3 hutoka imekivuka kwa desibeli 1 tu. Nikikiweka kizingiti penye mnong'ono wenyewe, ile tofauti ya desibeli 24 inakuwa desibeli 8. Sauti kubwa imeshushwa kwa desibeli 16, na sasa naweza kuirekodi yote nikaipandisha kwa desibeli 16 bila kugonga dari. Mnong'ono umeinuka, wala kelele hazikuzidi pale zilipokuwa.

Lakini hesabu haina upendeleo. Kilichouinua mnong'ono kwa desibeli 16 kiliinua na mvua pia. Nilipotumia kompresa ya kawaida iliyomo katika programu, nikaiambia iachilie upesi, lilitokea jambo la kuudhi. Bibi aliposema, mvua ilishuka. Aliponyamaza kidogo, mvua ilipanda kwa ghafula. Aliposema tena, ikashuka. Bati lote lilikuwa kama linapumua. Mafundi wanaujua ugonjwa huo, na sababu yake si ngumu. Mtambo huona kimya, huachilia mkono wake papo hapo, na kila kilichokuwa nyuma ya sauti huruka mbele.

Katika kutafuta dawa nilisoma habari za mtambo mmoja wa katikati ya miaka ya 1960, uitwao LA-2A. Ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Teletronix huko Pasadena, California, na aliyeubuni ni mhandisi James Lawrence. Mbele una vitufe viwili vikubwa tu vya kuzungusha: kimoja cha kubana, kingine cha kupandisha. Maajabu yake yamo ndani. Sauti ikiingia, sehemu yake hupelekwa kwenye kibamba kidogo ambacho hutoa mwanga kikipata umeme. Sauti ikizidi, mwanga huzidi. Mkabala na kibamba hicho zimewekwa seli ambazo ukinzani wake hupungua zikimulikwa. Ukinzani ukipungua, sehemu ya umeme wa sauti hupotelea njiani, na sauti inayotoka hupungua. Kwa hiyo ndani ya kile kisanduku cha chuma kuna taa inayowaka na kufifia kwa kufuata maneno ya msemaji, na jicho linaloitazama.

Tena jicho hilo lina kumbukumbu. Sauti ikikoma, seli haziachilii mara moja. Takriban nusu ya sauti iliyobanwa hurejea kwa muda wa milisekunde 60 hivi, na iliyobaki hurejea polepole kwa sekunde kadhaa. Zikiwa zimemulikwa kwa muda mrefu au kwa nguvu, huchelewa zaidi. Huo si ujanja wa Lawrence peke yake. Ni tabia ya vitu vyenyewe vilivyotumika, kama mtu atokaye juani akaingia chumbani, macho yake huchukua muda kuzoea. Kwa msemaji, tabia hiyo ni rehema. Mtambo hauendi mbio kila atuliapo kuvuta pumzi, humngoja. Na ukimngoja, mvua nayo hukaa mahali pake.

LA-2A haukuwa peke yake. Mwaka 1967 Bill Putnam, mhandisi wa Marekani aliyekuwa na studio na kampuni ya kutengeneza mitambo, alitoa mtambo uitwao 1176, unaotumia transista mahali pa taa na seli. Huo una haraka ya ajabu: ukitegwa hivyo, huanza kubana katika mikrosekunde 20, yaani sekunde moja ukiigawa mara milioni, wahitaji vipande 20 tu. Kabla ya hiyo miwili, mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Fairchild ya New York ilitengeneza mtambo ulioitwa 670, kazi ya Rein Narma, mzaliwa wa Estonia. Ulikuwa na valvu 20, zile taa za kioo zilizokuwamo katika redio za babu zetu, na uzito wake ulifika kilo 30 hivi. Ndugu yake mdogo, 660, alitumika London katika studio za Abbey Road, na mwaka 1966 fundi Geoff Emerick aliupitishia ngoma za Beatles katika wimbo wao "Tomorrow Never Knows". Leo 670 halisi ikipatikana huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Fedha hiyo sitaki hata kuigeuza shilingi, nisije nikawaogofya wasomaji.

Hapo ndipo hesabu ilipokuja kuwasaidia watu wasio na fedha. Mwaka 1999 wana wawili wa Bill Putnam, Bill mdogo na Jim, waliifufua Universal Audio, kampuni ya baba yao, naye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1989. Waliitengeneza upya mitambo ya zamani kwa chuma na waya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaitoa pia kwa namna ya programu ya kompyuta. Niliposoma habari hiyo nilituliza kitabu mapajani. Watoto waliichukua kazi ya mikono ya baba yao, wakaiandika kwa namba ili isipotee. Baada yao wengine wengi wamefanya hivyo, na baadhi yao huzitoa programu zao bure. Niliyoitumia mimi ni mojawapo ya hizo za bure, nayo inauiga LA-2A.

Huigwaje? Ziko njia mbili kubwa, na nitazieleza kwa mfano wa pilau. Mtu akitaka kupika pilau kama ya jirani, aweza kuingia jikoni akahesabu kila kiungo na kutazama moto. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: mhandisi huufungua mtambo, hupima kila kapasita, kila transfoma na kila valvu, kisha huandika milinganyo ya vyote. Au mtu aweza kukaa barazani akaionja pilau, akajaribu kupika, akaonja tena, mpaka ladha zilingane. Hiyo ni njia ya pili: sauti za kila namna huingizwa katika mtambo halisi, kinachotoka hunaswa, na kompyuta hufunzwa kwa mifano hiyo mpaka itoe kama kile. Mwaka 2019 Scott Hawley na wenzake walichapisha kazi ya namna hiyo, na mtambo waliouigiza kompyuta yao ulikuwa LA-2A huu huu.

Njia yoyote ifuatwayo, kazi ni nzito. Katika rekodi ya kawaida kila sekunde ya sauti ni namba 44,100. Kwa kila namba moja kompyuta lazima iulize: taa sasa ingewaka kiasi gani? Seli zimekwisha kumulikwa kwa muda gani? Zimesahau kiasi gani? Kisha iizidishe namba hiyo kwa jibu, na iende kwa inayofuata. Hakuna taa inayowaka humo, wala hakuna seli. Ni kuzidisha na kujumlisha tu, ile ile kazi tuliyofundishwa darasa la pili, ila kwa haraka kupita fikira.

Wapo wanaobeza. Husema kuiga ni kuiga, na kwamba nakala haiwezi kuwa asili. Sikatai kwamba pana upungufu. Hata mitambo halisi miwili ya LA-2A haifanani kabisa, maana seli zake hutofautiana na huzeeka. Basi programu huiga mtambo mmoja uliopimwa, si yote. Tena waigaji wengine wamezidi mpaka nacheka. Kwenye kioo cha kompyuta huchora skurubu, kutu na mshale unaochezacheza, na ziko programu zenye kitufe cha kuongeza hata mvumo wa umeme, uchague mvumo wa mara 50 kwa sekunde kama umeme wetu, au mara 60 kama wa Marekani. Sisi ambao hukesha tukiuondoa mvumo huo katika rekodi ya kwaya twastaajabu kuona mtu akiulipia.

Lakini wabezaji husahau neno nililoomba likumbukwe. Mtambo wenyewe wa asili ulikuwa unaiga mkono wa fundi wa redio. Ikiwa kuiga ni aibu, basi aibu hiyo ilianza zamani. Mimi naona swali la kuuliza si kama kitu kimeigwa, bali ni kipi kilichoigwa katika kile kitu. Aliyeiga skurubu na kutu ameiga sanduku. Aliyeiga ile subira ya seli, ambayo humngoja msemaji avute pumzi, ameiga jambo lenye manufaa, na manufaa hayo hayapungui kwa kuwa yamekaa ndani ya namba.

Sasa nirudi kwa Bibi. Nilitengeneza nakala tatu, na rekodi ya asili nikaiacha kama ilivyo bila kuigusa. Nakala ya kwanza niliibana kwa wepesi sana. Ya pili niliibana kwa kadiri. Ya tatu niliibana kwa nguvu, hata mnong'ono na kicheko vikakaribia kuwa sawa. Likizo ilipofika nilizipeleka nyumbani, nikawasikilizisha Baba na Shangazi kwa spika ndogo, sebuleni, bila mtu mwingine.

Katika nakala ya pili na ya tatu jina lilisikika. Shangazi alilirudia kwa midomo bila kutoa sauti. Sitaliandika hapa, kwa maana ni la nyumba yetu. Baada ya kimya kirefu ndipo walipohitilafiana, nami nilikuwa sikutazamia.

Baba aliitaka ile ya tatu. Masikio yake yamepungua nguvu, na kwa mara ya kwanza alimsikia mama yake neno kwa neno tangu mwanzo mpaka mwisho. "Hii ndiyo," alisema. "Humu hakuna kinachonipotea." Shangazi akatikisa kichwa. "Kaka, huyu siye Mama," akasema. "Mama hakulisema jambo hili kwa sauti hii. Alilinong'ona kwa kuwa lilikuwa zito. Humu anamtaja mwanawe kama anayetaja bei ya nazi sokoni." Kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, umefanya kazi nzuri, lakini usimfanye bibi yako asiwe na siri."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo, na mpaka leo naona wote wawili walisema kweli. Baba ana haki ya kumsikia mama yake. Lakini tofauti baina ya sauti kubwa na ndogo, ambayo mtambo huiona kuwa ni kasoro ya kusawazishwa, kwa Bibi ilikuwa sehemu ya usemi. Kupaza kwake kulikuwa na maana, na kunong'ona kwake kulikuwa na maana. Maneno mtu aweza kuyaandika katika daftari. Kipimo cha sauti aliyoyasemea hakiandikiki. Programu yaweza kuhesabu mwanga wa taa isiyokuwapo, mara 44,100 kwa sekunde, lakini haiwezi kujua kwa nini mwanamke mzee ameishusha sauti yake. Kitufe kikizungushwa, anayejua ni yule aliyeshika kitufe, naye hujua ikiwa tu aliwahi kuketi na msemaji au amewauliza waliomjua.

Tuliamua hivi. Rekodi ya asili imehifadhiwa mahali pawili, na hakuna ruhusa ya kuibadili. Nakala ya pili, iliyobanwa kwa kadiri, ndiyo ya ukoo. Humo mnong'ono husikika, na bado ni mnong'ono. Nakala ya tatu imo katika simu ya Baba peke yake, naye huisikiliza jioni. Nayo dua ya mwisho iliyosomwa nyumbani, Shangazi mwenyewe aliomba kutaja majina. Alipofika katika jina la dada yake alilitaja kwa sauti ya chini, na wote waliokuwapo walilisikia.

Ndugu wasomaji, karibu kila nyumba kati yetu ina mzee mwenye habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Wengi wetu tunazo simu, au twaweza kuazima. Nawaombeni, likizo ijayo, kaeni na wazee wenu mkawanase. Wekeni simu karibu na mdomo wa msemaji, maana ni vigumu kuitenga mvua na mnong'ono vilivyoingia pamoja. Msingoje kiangazi, lakini mkiweza kuingia chumba chenye dari ingieni. Mkimaliza, fanyeni nakala, na ile ya asili msiiguse kabisa. Kisha, kwa wale watakaopenda kuisafisha, kompyuta ya klabu ipo siku za Jumatano na Ijumaa, na nimewaandikia wa Kidato cha Tano maelezo ya kuitumia, hatua kwa hatua, katika daftari lililo mezani. Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu katika shule hii. Ningependa daftari hilo lichakae.